Mcheza Kwao Hutunzwa: Ruzuku za Sanaa na Daftari la Kikundi

Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, maigizo, muziki na ushairi



Kila tarehe 1 Juni, 20 Oktoba na 12 Desemba, viwanja kote nchini hujaa ngoma. Kikundi huamka alfajiri, hupanda lori na vyombo vyake, husubiri juani hadi wageni waketi, hucheza dakika kumi, kisha hupewa nauli na chakula cha mchana. Siku ya pili hurudi kwenye shida zake. Ngozi ya ngoma imepasuka, ukumbi wa mazoezi unadaiwa kodi, na mzee anayejua nyimbo zote za mavuno hana wa kumrithisha kwa sababu vijana wamekwenda kutafuta vibarua.

Nauli na chakula si ufadhili wa sanaa. Hayo ni malipo ya siku moja, tena madogo. Ruzuku ni fedha za umma zilizotengwa katika bajeti. Huombwa kwa maandishi, huamuliwa kwa vigezo vilivyotangazwa, na mwishowe hutolewa hesabu. Kikundi kinachopewa nauli hutegemea ukarimu wa aliyekialika, lakini kinachopata ruzuku hutegemea sheria. Mwenye ukarimu akiondoka ofisini, ukarimu wake huondoka naye. Sheria hubaki.

Jiji lililotunza wachezaji wake

Jiji la San Francisco nchini Marekani lina historia ndefu katika jambo hili. Kama Nairobi na Mombasa, San Francisco ni jiji na kaunti kwa wakati mmoja, na limekuwa hivyo tangu 1856. Mwaka 1961 lilianza kutoza kodi kwa wageni wanaolala hotelini, na sehemu ya mapato hayo ikawa ruzuku kwa vikundi vya sanaa vya hapo jijini. Hoja yake ilikuwa rahisi: mgeni huvutwa na muziki, maonyesho na sherehe za mitaani, kwa hiyo ni haki anayevutwa asaidie kumlisha anayemvuta.

Jambo la kuigwa zaidi ni kwamba ruzuku hizo zimetumika kugharimia uendeshaji wa kawaida wa vikundi. Kodi ya ukumbi, mshahara wa karani na bili ya umeme ni mambo ambayo wafadhili wengi hawapendi kuyagusa, kwa kuwa hayapigwi picha. Lakini msanii yeyote anajua kwamba kikundi hufia hapo, si jukwaani.

Msaada huo haukuishia kwenye kumbi kubwa za muziki wa Kizungu. Mwaka 1978 lilianzishwa tamasha la ngoma za makabila na mataifa mbalimbali yanayoishi katika eneo hilo, na vikundi vya mitaani vikapata jukwaa moja na wacheza ngoma mahiri. Mwaka 1993 ukaundwa mfuko mwingine wa vikundi vya jamii ambazo kwa miaka mingi zilikuwa zimeachwa nyuma katika mgao. Jiji lilikubali kwamba fedha zikigawanywa bila kuangalia nani aliachwa nje, aliyenacho ndiye huongezewa.

Fedha hizo hazikuwa salama siku zote. Ilifika wakati mapato ya hoteli yakawa yanaingia katika mfuko mkuu wa jiji, na sanaa ikalazimika kugombania fungu lake na mahitaji mengine kila mwaka. Mwaka 2016 wakazi walipigia kura pendekezo la kuitengea sanaa fungu lake, lakini kura hazikufika theluthi mbili zilizohitajika. Wasanii hawakukata tamaa. Walirudi kwa wakazi, na Novemba 2018 pendekezo jipya likapita. Katika kodi ya asilimia 14 ya bei ya chumba, asilimia 1.5 ya bei hiyo ikatengewa sanaa na utamaduni. Kwa maneno mengine, mgeni akilipia chumba dola 200, kodi yake ni dola 28, na dola 3 kati ya hizo ni za sanaa.

Kisha ukaja mwaka 2020. Korona ilifunga hoteli, na mapato yakaporomoka wakati ambao wasanii walikuwa na shida kubwa kuliko wakati wowote. Huo nao ni mfano wa kuzingatiwa. Mfuko wenye chanzo kimoja ni kama nyumba yenye nguzo moja.

Sheria za Kenya zinasemaje?

Mkazi anayesikia habari hizi ana haki ya kuuliza: ngoma ipewe pesa vipi ilhali zahanati haina dawa? Swali hilo ni la haki, na halijibiwi kwa kumwambia mkazi kuwa hathamini utamaduni wake.

Jibu la kwanza liko katika Katiba ya 2010. Kifungu cha 11 kinatambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Jedwali la Nne linaziweka shughuli na vifaa vya kitamaduni katika orodha ya majukumu ya serikali za kaunti, orodha ileile yenye huduma za afya za kaunti na barabara za kaunti. Kwa hiyo kaunti inayotenga fedha za sanaa inatimiza wajibu wake.

Jibu la pili ni kuhusu fedha zenyewe. Kodi ya wageni wa hoteli kama ya San Francisco haiwezi kuigwa vivyo hivyo, kwa sababu hapa ushuru wa utalii wa asilimia 2 huenda kwenye Hazina ya Utalii ya kitaifa. Hata hivyo, Kifungu cha 209 kinazipa kaunti mamlaka ya kutoza kodi za burudani. Shilingi inayotozwa mlangoni kwenye tamasha au burudani haichukuliwi kwenye dawa za zahanati. Ikielekezwa kwa wanaoitengeneza burudani yenyewe, mkazi anaweza kuona ilikotoka na ilikokwenda.

Njia ya kuilinda shilingi hiyo pia ipo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, katika kifungu cha 116, inamruhusu Waziri wa Fedha wa Kaunti kuanzisha mfuko wa umma akiidhinishwa na Kamati Kuu ya Kaunti pamoja na Bunge la Kaunti. Mfuko wa namna hiyo huwa na msimamizi wake, hesabu zake, na ukaguzi wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu.

Nani aamue?

Fedha zikipatikana, mtihani mkubwa huwa ni ugawaji. Hapo ndipo vikundi hewa huchipuka kama uyoga baada ya mvua. Kikundi chenye muhuri mpya na mwenyekiti anayejulikana na wakubwa huweza kukipita kikundi ambacho kimecheza tangu enzi za mababu. Kila mwenye kikundi hapa ana kisa cha namna hiyo.

Tume ya sanaa ya San Francisco hukabidhi maombi kwa jopo la wasanii na watu wanaoijua jamii, na vikao vya kuyajadili huwa wazi kwa umma. Vigezo hutangazwa kabla ya maombi kupokelewa. Aliyekosa anaweza kujua alikosa kwa nini. Utaratibu kama huo haugharimu fedha nyingi. Unachohitaji ni ubao wa matangazo katika kila wadi, vigezo katika lugha ambayo wanakikundi wanaielewa, majina ya waliopata pamoja na kiasi walichopata, na wanajopo wanaotoka nje kikao kinapojadili vikundi vya jamaa zao.

Daftari la kikundi

Uwazi, hata hivyo, hauwezi kudaiwa upande mmoja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kikundi kinachotaka fedha za umma kinapaswa kuwa na cheti cha usajili chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, akaunti ya benki kwa jina la kikundi, namba ya KRA, katiba yake, na kumbukumbu za mikutano zilizotiwa sahihi. Mweka hazina aandike kila shilingi iliyoingia na iliyotoka, hata ile ya sukari ya chai ya mazoezi.

Wapo wazee wanaoona mambo haya kuwa usumbufu, nao wana sababu. Mpiga ngoma hodari si lazima awe hodari wa kujaza fomu. Lakini katika kila kikundi yupo binti au kijana aliyemaliza kidato cha nne na anayeweza kulishika daftari. Kumpa kazi hiyo ni njia mojawapo ya kumrudisha kwenye ngoma ya nyumbani. Leo ataandika gharama ya kuwamba ngoma, kesho atauliza inavyowambwa.

Kalenda ya kukumbuka

Fedha za kaunti hupangwa mapema. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa Bunge la Kaunti kabla ya 1 Septemba. Taarifa ya mkakati wa fedha huwasilishwa kabla ya mwisho wa Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Kikundi kinachosubiri hadi sikukuu ya Mashujaa ndipo kiulize habari za ruzuku hukuta chungu kimeshaepuliwa.

Vikao vya ushirikishaji wa umma hufanyika katika miezi hiyo, na mara nyingi wasanii huitwa kuvitumbuiza. Safari hii waje pia na ombi lililoandikwa. Wakishacheza, wasipande lori. Waketi kwenye viti pamoja na wakazi wengine, wanyoshe mkono, waulize fungu la sanaa liko ukurasa gani, na jibu waliandike katika daftari.

Mcheza kwao hutunzwa, lakini anayetunza kwa fedha za watu lazima ajue anamtunza nani, kwa kiasi gani, na kwa kazi ipi. Hayo yakiandikwa, mzee mwenye nyimbo za mavuno hatamtegemea mgeni wa heshima wa sikukuu ijayo. Atakuwa na ukumbi, atakuwa na ngoma iliyowambwa upya, na atakuwa na wa kumrithisha.