Kujua Mche na Gugu
Maneno ya mwalimu wa dini, Kurasini

Katika sikukuu hii nimepewa nafasi ya kusema machache, nami nataka kusema juu ya bustani, tena juu ya kosa langu mwenyewe.

Hapa Kurasini, karibu na bandari, nafasi ya kulima ni haba. Hata hivyo tuta moja nyuma ya nyumba si kitu cha kudharau: ukisia mchicha leo, baada ya majuma manne hivi utachuma mboga.

Mjane mmoja wa mtaa wetu alikuwa na tuta la namna hiyo. Wakati wa masika alisia nyanya chungu, kisha akaugua. Nami nikawachukua watoto wa mafundisho tukampalilie. Tuliona miche mirefu, majani yake kama mchicha, na chini yake vimea vidogo, dhaifu. Nikasema, "Hiyo mirefu ni mchicha, iacheni. Hivyo vidogo ni magugu, ng'oeni." Watoto wakanitii.

Mama alipotoka, alivitazama vile vimea vilivyonyauka, asiseme neno kwa kitambo. Kisha akanena, "Mwalimu, umeng'oa mboga yangu, ukaniachia miiba." Kumbe ile mirefu ilikuwa mchicha wa miiba, uliojiotea wenyewe.

Naliona haya. Nikamwuliza, "Mama, mtu ajuaje?" Akaketi kizingitini, akatufundisha. Nyanya chungu huchelewa kuota, hata juma moja au mawili, na gugu huitangulia. Basi urefu si dalili. Majani mawili ya kwanza hayasemi mengi, ngoja yafuatayo. Ya nyanya chungu ni mapana, yenye vinyweleo laini. Mchicha wa miiba ukikua kidogo, utaiona miiba pale jani linaposhikana na shina. Ndago ina shina la pembe tatu. Usiivute tu, ichimbue, maana kiazi chake kikibaki ardhini itarudi. Tena sia kwa mistari: kilichoota nje ya mstari ni mgeni. Na asiyejua amwulize aliyepanda.

Siku ile hatukuondoka na njaa. Mama alichuma vichwa vichanga vya ule mchicha, ambavyo miiba yake haijakomaa, akavipika kwa nazi, tukala na ugali. Kesho yake nalileta mbegu nyingine; watoto wakazisia kwa mistari, wakamwagilia kwa zamu. Zilipozaa, bakuli la kwanza alituletea sisi.

Mfano wa Bwana wetu juu ya magugu katika ngano nimeufundisha miaka mingi. Watumishi walitaka kung'oa, mwenye shamba akawazuia. Siku ile ndipo nilipouelewa.

Walimu wenzangu, darasani pia wamo wanaochelewa kuota. Tusiwe wepesi wa mikono.