Askari wa Damu na Silaha Yao

Leo tutajifunza jinsi damu inavyopigana na vijidudu.

Tuseme umechomwa na mwiba wa sato ukishusha samaki pale Mwigobero. Kesho yake kidole kimevimba, kina joto, kinauma. Baadaye kinatoa usaha. Kwa nini?

Mwiba umeingiza bakteria, na chembe nyeupe za damu zimekuja kupigana nao. Mwaka 1882, huko Messina, Italia, mtaalamu Élie Metchnikoff aliwachoma kwa miiba watoto wa kiti cha pweza. Aliona chembe hai zikikusanyika kuizunguka miiba.

Chembe nyeupe ikimeza kijidudu, huvuta oksijeni nyingi kwa ghafla na kuigeuza kuwa sumu. Hupatikana haidrojeni peroksaidi, ile inayouzwa katika maduka ya dawa. Kisha hiyo, pamoja na kloridi ya chumvi iliyomo mwilini, hufanya sumu kali zaidi, kama ile ya dawa ya klorini ya kutakasa maji. Wako watoto wachache wanaozaliwa na chembe zisizoweza kazi hii. Hao huugua majipu na homa ya mapafu mara kwa mara.

Askari hawa hawapigani kwa namna moja. Dalili ya adui aliye mbali huwaweka tayari tu. Kijidudu kilichokwisha kutiwa alama na kinga ya mwili huwafanya wapige kwa nguvu. Lakini yai la kichocho lililokwama katika ini ni kubwa, halimezeki. Basi chembe hulizunguka na kumwaga sumu nje, na nyama ya jirani huumia. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Basi ufanyeje? Osha jeraha kwa maji safi na sabuni, ulifunike. Usilimwagie dawa ya kufulia nguo ukidhani unawasaidia askari. Utawaunguza na wao. Uvimbe ukipanda mkononi, au homa ikikushika, nenda zahanati siku hiyo hiyo, uulizie na sindano ya pepopunda. Mwenye kichocho apate prazikwanteli, dawa inayoua minyoo yenyewe.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Chembe nyeupe hutumia nini kutengeneza sumu?
2. Kwa nini yai la kichocho huleta madhara katika ini?
3. Utamwambia nini jirani anayetaka kumwagia jeraha dawa ya kufulia?

Kwaherini mpaka somo lijalo.