Nani Aliyeishika Chupa? Chanjo ya Pepopunda, Maaskofu na Serikali ya Kenya



Nimeombwa nizungumzie habari za kushtua zinazokutanisha siasa, sayansi na afya. Ningeweza kuchukua kumi, maana hatujapungukiwa. Nimechagua moja, kwa kuwa wengi humu ukumbini mnaikumbuka na kwa kuwa hadi leo haijazikwa. Novemba 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini Kenya walitangaza kwamba chanjo ya pepopunda waliyokuwa wakidungwa wanawake imetiwa homoni ya kuharibu uzazi. Serikali ikakana. Kina mama waliokuwa wameshadungwa wakabaki wakitazamana.

Naweka msimamo wangu mezani mapema, ili asiyekubaliana nami apate muda wa kunoa maswali yake. Naamini chanjo ile ilikuwa salama. Naamini pia kwamba maswali yale yalistahili kuulizwa, na kwamba serikali iliyajibu vibaya. Watu wengi hushika moja kati ya hayo na kulitupa la pili.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana katika kelele zile zote ulisahaulika. Mtoto huzaliwa mzima. Analia, ananyonya vizuri siku mbili za kwanza. Kuanzia siku ya tatu hivi anashindwa kunyonya: taya zimekaza, midomo imevutika. Mlango ukigongwa au taa ikiwashwa, mwili wote unakakamaa na mgongo unapinda. Fahamu zake hazijapotea, kwa hiyo maumivu anayasikia yote. Akikosa hospitali yenye vifaa, ni nadra apone. Chanzo ni kijidudu kinachoishi udongoni na katika kinyesi cha wanyama, ambacho huingia kupitia kitovu kilichokatwa kwa wembe usio safi au kilichopakwa majivu na samadi. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba mwaka 1988 pekee watoto wachanga 787,000 walikufa kifo hicho duniani. Ndui tuliweza kuifuta kabisa, lakini kijidudu hiki makao yake ni ardhi, na ardhi hatuwezi kuichemsha. Zimebaki njia mbili: uzazi safi, na kumchanja mama, ambaye kinga yake humfikia mtoto kupitia kondo la nyuma kabla hajazaliwa.

Kampeni ya Wizara ya Afya, ikisaidiwa na WHO na UNICEF, ililenga wanawake wa miaka 14 hadi 49 katika maeneo yaliyoonekana kuwa na hatari zaidi, walengwa zaidi ya milioni 2. Duru ya kwanza ilifanyika Oktoba 2013, ya pili Machi 2014, ya tatu Oktoba 2014.

Sasa jiweke katika nafasi ya askofu, au ya mama aliyepanga foleni pale zahanati. Mbona wanawake peke yao, ilhali wanaume ndio wanaokanyaga misumari na kujikata kwa mapanga shambani? Mbona wale wa umri wa kuzaa tu? Mbona dozi nyingi hivyo? Mbona kampeni hii haikupigiwa ngoma kama ile ya polio, ambapo hata matatu hubandikwa matangazo? Majibu yapo. Umri ule ulichaguliwa kwa sababu anayekusudiwa kuokolewa ni mtoto atakayezaliwa. Dozi ni nyingi kwa sababu kinga ya pepopunda hujengwa hatua kwa hatua, na mwanamke ambaye hana rekodi ya chanjo za utotoni huhitaji dozi 5 ili alindwe miaka yote ya uzazi. Lakini majibu hayo yalipaswa kutangulia sindano. Yalikuja baada ya ghasia, tena kwa sauti ya mtu anayejitetea.

Wala tusiseme kwamba waliouliza ni maadui wa tiba. Kanisa Katoliki linaendesha mamia ya hospitali na zahanati nchini Kenya, na wauguzi wake wamechanja watoto kwa miongo mingi. Tuhuma ilitoka ndani ya nyumba ya afya yenyewe.

Na tuhuma ile ilikuwa na mzizi. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika miaka ya 1970 mwanasayansi wa India, G. P. Talwar, alianza kutafuta chanjo ya kuzuia mimba. Aliichukua homoni ya mimba, ile iitwayo hCG, akaiunganisha kikemia na sumu ya pepopunda iliyokwisha kuondolewa makali. Mwili ukidungwa mchanganyiko huo hudhani kwamba homoni ile ni adui, ukatengeneza askari wa kuishambulia, na mimba haishiki. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994: kwa wanawake waliofikisha kinga ya kutosha, mimba ilitokea mara moja tu katika mizunguko 1,224 ya hedhi. WHO nayo ilikuwa na utafiti wake wa aina hiyo, ingawa wenyewe walitumia sumu ya dondakoo. Hakuna siri hapo. Yamo katika majarida ya sayansi. Kwa hiyo daktari Mkatoliki aliyeyasoma hayo, kisha akaona wanawake wanadungwa dozi baada ya dozi ya kitu kiitwacho chanjo ya pepopunda, hakuota ndoto. Tetesi hiyo hiyo ilikuwa imeshazuka Ufilipino na Mexico miaka ya 1990.

Hapa ndipo maabara inapoingia, na hapa ningependa tukae kidogo.

Upande wa kanisa ulipata chupa kadhaa za chanjo na kuzipeleka zikapimwe. Sampuli za mwanzo zilipimwa kwa mitambo ya hospitali inayopima mimba katika damu. Kipimo cha namna hiyo kina kisahani cha plastiki chenye vishimo vidogo, na kila kishimo kimepakwa protini inayoikamata hCG. Unatia damu iliyochujwa, unasuuza, unatia dawa ya rangi, kisha mashine inasoma ukali wa rangi na kuugeuza kuwa namba. Mashine haijui ulichotia. Imefundishwa kusoma damu ya binadamu, na chanjo ile ina chumvi za alumini na kihifadhi chenye zebaki, vitu ambavyo damu yako haina. Ukiitilia maji ya chanjo itakupa namba, maana kutoa namba ndiyo kazi yake. Kama namba hiyo ina maana yoyote, utajua tu ukishaihakiki mbinu hiyo kwa chanjo: kwa chupa ambayo una hakika haina homoni, na nyingine uliyotia homoni kwa makusudi.

Baadaye iliundwa kamati ya pamoja ya wataalamu wa serikali na kanisa, na sampuli 59 zikapimwa. Tatu zilisemekana kuwa na hCG. Zile zilizotoka bohari ya serikali hazikuwa nayo; zilizokuwa nayo zilikuwa miongoni mwa zile zilizoletwa na upande wa kanisa. Kila upande uliona ushindi. Serikali ikasema: mnaona, bohari yetu ni safi. Kanisa likasema: mnaona, zilizofika vijijini ni nyingine na mlizotuletea ni nyingine. Na hapo mjadala ulikufa, kwa sababu hakuna aliyeweza kuthibitisha kwa karatasi na sahihi nani aliishika chupa ipi, lini, kati ya zahanati na meza ya maabara. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza angekatwa alama kwa sampuli isiyo na historia. Nchi nzima ilibishana juu yake.

Bado kuna jambo ambalo lingeweza kuelezwa kwa mkulima yeyote akalielewa. Kila mwanamke mjamzito ana hCG mwilini, tena kwa wingi mkubwa. Katika wiki ya kumi hivi ya mimba damu yake hubeba kiwango kikubwa kuliko namba zozote zilizosomwa kwenye chupa zile. Mwili wake hauishambulii, kwa kuwa unaijua kuwa ni yake. Ndiyo maana Talwar alilazimika kuifunga kikemia kwenye sumu ya pepopunda. Homoni iliyomwagwa tu ndani ya chupa haifanyi kazi hiyo. Na hata chanjo yake halisi haikuwatia wanawake ugumba wa kudumu: kinga ilipofifia, walishika mimba. Kwa hiyo hata tukikubali kwamba chupa zile tatu zilikuwa na hCG kidogo, bado hatujafika kwenye shtaka lenyewe. Kipimo cha kulithibitisha kilikuwa kuchukua damu ya wanawake waliodungwa na kutafuta humo askari wa kushambulia hCG. Sijaelewa kwa nini hilo halikuwa ombi la kwanza la pande zote mbili.

Wapo wanaoniambia: lakini Profesa, uzazi Kenya si umeshuka? Umeshuka, ndiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikadiriwa kuzaa watoto 8.1. Mwaka 2003 ilikuwa 4.9, 2014 ikawa 3.9, na 2022 ikawa 3.4. Ile 3.9 inahesabu uzazi wa miaka mitatu kabla ya utafiti wa 2014, yaani karibu watoto wote hao walitungwa kabla sindano ya kwanza haijatolewa. Mteremko ulianza nyanya zetu wakiwa bado wanazaa, na ulisukumwa na shule za wasichana na uzazi wa mpango wa hiari.

Waziri wa Afya wa wakati ule, James Macharia, alisema hadharani kwamba angempendekezea hata mkewe na bintiye chanjo ile. Simlaumu kwa nia yake. Lakini aliyeomba matokeo ya maabara akajibiwa kwa habari za familia ya waziri ana haki ya kuhisi kwamba hakusikilizwa.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Mwaka 2012, kabla ya ghasia hizi, ilichapishwa ripoti yenye ushahidi wa wanawake 40 wa Kenya wenye virusi vya Ukimwi waliosema walifungwa vizazi bila ridhaa yao au kwa kulazimishwa. Kesi zikafunguliwa mwaka ule ule wa 2014. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ilimpa ushindi na fidia mmoja wa wanawake hao. Hilo lilikuwa kweli, likathibitishwa kwa viapo na hukumu, na halikupata hata robo ya kelele za chupa zile. Halikuwa na njama ya kimataifa wala siri ya maabara. Lilikuwa na wanawake maskini na fomu walizotia sahihi bila kuelezwa. Anayetaka kujua kwa nini mama wa kijijini huhofia kupokonywa uzazi asianzie kwenye tetesi zilizo kwenye simu ya mama huyo. Aanzie kwenye wodi.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kano, kaskazini mwa Nigeria, walilijua hilo. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa iitwayo Trovan huko. Watoto 200 walishirikishwa, nusu wakipewa dawa hiyo na nusu dawa nyingine. 11 walikufa katika makundi yote mawili. Familia zilisema hazikuelezwa kwamba hilo ni jaribio. Kesi zilichukua miaka. Mwaka 2003 viongozi wa Kano na majimbo jirani walipokataa chanjo ya polio wakidai inatia ugumba, dunia iliwacheka, na virusi vikasafiri kutoka Nigeria hadi nchi zipatazo 20. Kano ilirudi kuchanja mwaka 2004, na kilichoirudisha kinafaa kusomwa na kila waziri: wajumbe waliokubalika walishirikishwa katika kupima, kisha ikaletwa chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi ambayo watu wa Kano hawakuwa na kinyongo nayo. Kemia ya chanjo ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mkono ulioishika chupa.

Kenya haikufanya hivyo. Kamati ya pamoja iliundwa moto ukiwa umeshawaka, na ilivunjika bila tamko moja. Mwaka 2017 madai yale yaliandikwa upya katika jarida la mtandaoni, na chanjo za Uviko-19 zilipofika makala hayo yakazunguka kwenye simu kana kwamba ni habari za jana. Wakati huo pepopunda ya wachanga ilikuwa imeshapungua nchini hadi chini ya kiwango ambacho WHO hukiita kutokomezwa, yaani chini ya mtoto 1 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai katika kila wilaya. Habari hiyo sijamwona aliyenitumia kwenye simu.

Ninachopendekeza ni kidogo. Kabla ya kampeni yoyote kubwa ya chanjo, chupa za kila toleo zifungwe kwa lakiri mbele ya mashahidi na kugawiwa kwa watatu: wizara, baraza la pamoja la viongozi wa dini, na chuo kikuu kimoja cha umma. Mbinu ya kupima ikubaliwe na wote kabla ya kupima, maana baada ya namba kutoka kila mtu hugeuka fundi. Matokeo yasomwe redioni kwa lugha za wenyeji kabla ya sindano ya kwanza. Kuna atakayesema hili linawapa wapinzani jukwaa. Jukwaa wanalo tayari. Wasicho nacho ni chupa yenye lakiri.

Naibu Chansela, chuo chetu kijitolee kuwa huyo wa tatu, na barua iende wizarani mwezi huu. Maaskofu na masheikh mlioketi mbele, nawaomba mteue watu wenu wa maabara sasa, wakati hakuna kampeni wala ugomvi. Nanyi mliokuja kunipinga, kipaza sauti kiko pale kushoto. Tuanze na ninyi.