Pikipiki Isiyowaka Asubuhi ya Jumapili



Kigangoni waamini wamekwisha kukusanyika, naye katekista angali uani kwake, anapiga kiki hata jasho lamtoka, na pikipiki haiwaki. Sisi tuliozunguka vigango kwa chombo hiki twamsihi aache kwanza kiki. Pasipo cheche, kila teke huongeza petroli ndani ya silinda, na plagi huzidi kulowa.

Tuanze na yaliyo madogo. Je, swichi ya kuzimia injini imeguswa? (Watoto hawapiti pikipiki bila kuichezea.) Je, koki ya mafuta imefunguliwa, au yafaa igeuzwe upande wa akiba? Ndipo tufungue plagi, maana hiyo haifichi neno. Ikiwa kavu, petroli haifiki: tutazame koki, mpira wa mafuta, na kabureta, ambamo maji na takataka hutuama chini. Ikiwa imelowa, petroli yafika, lakini ama imezidi, ama cheche hakuna. Tuipanguse, tuirudishe katika kofia ya waya wake, tuigusishe kwenye chuma cha injini, mbali na tundu ilimotoka, kwa kuwa mvuke wa petroli hushika moto; kisha tupige kiki. Cheche ikiwa hafifu au haipo, tujaribu plagi mpya, ambayo yampasa katekista kusafiri nayo pamoja na spana yake.

Hata hiyo isiposaidia, tusizidi kufungua vyuma huku mgonjwa angojea Komunyo. Tuazime baiskeli ya jirani; pikipiki itamngoja fundi hadi Jumatatu.