Mafuta ya Karafuu Yako Namna Mbili

(Mazungumzo ya kamati ya biashara, yaliyosomwa mbele ya wanachama na wageni siku ya kutimiza miaka 10 ya kikundi)



Mwenyekiti ameshasoma risala na mhasibu ameshasoma hesabu za hisa na mikopo, kwa hiyo huko hatutarudi. Sisi wa kamati ya biashara tumepewa nafasi ya kuzungumza juu ya mafuta ya kunukia na namna ya kuyatumia nyumbani bila ya kudhurika. Tumepewa dakika ishirini. Mtuvumilie tukizidisha kidogo, maana ndani yake mna jambo ambalo tumelikalia kimya kwa miaka saba.

Akina mama wa Unguja na Pemba hatuhitaji kufundishwa kupenda harufu nzuri. Udi tumeukuta, asumini tumeikuta, langilangi na mrehani tumevikuta kwa bibi zetu. Mzazi hukandwa, bibi arusi husingwa, mwenye mafua hufukizwa. Siku hizi wageni mahotelini wanalipa kwa dola kukandwa kwa mafuta ya mchaichai, wakaliita jambo hilo tiba ya manukato, na sisi tukaona ajabu kwamba kumbe tuna utaalamu! Basi mwaka 2017, kikundi kikiwa na umri wa miaka miwili, tukaamua kuingia katika biashara ya mafuta ya karafuu.

Hapa ndipo penye jambo letu. Mafuta tunayoyaita ya karafuu yako namna mbili, na jina ni moja.

Ya kwanza ni yale ya bibi zetu. Unachukua mafuta ya nazi, unaroweka karafuu kavu, unaanika juani siku kadhaa au unayapasha kwa moto mdogo, kisha unachuja. Hayo ni mafuta ya nazi yenye harufu ya karafuu. Mtu mzima huyapaka mgongoni hivyo hivyo, na bibi zetu wameyapaka miaka na miaka.

Ya pili ni ya kiwandani, kama yale yanayotengenezwa Pemba, pale Wawi karibu na Chake Chake. Huchukuliwa makonyo, yaani vile vijiti vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa, yakapitishwa mvuke wa maji, mvuke ukapoozwa, mafuta yakajitenga. Hayo hayana nazi hata chembe. Katika kilo 100 za makonyo hutoka kama kilo 5 au 6 tu za mafuta. Fanyeni hesabu wenyewe, jamani: kijiko kimoja cha chai cha mafuta hayo ni karibu gramu 100 za makonyo. Hakuna mama anayeweza kumlisha mtoto rundo la makonyo kiasi hicho. Lakini kijiko ni kitu cha mara moja.

Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kinachoitwa yujenoli. Ndicho kinachotia ganzi kwenye jino, na ndicho kinachochoma ngozi na kuumiza ini kikizidi.

Sasa tuseme yaliyotokea. Mwaka 2018 tulinunua mafuta ya kiwandani kwa dumu, tukayagawa katika chupa ndogo ili kila mwanachama auze kwake. Chupa mpya zilikuwa ghali, tukaona tusiile faida. Tukakusanya chupa za dawa ya kikohozi zilizokwisha, tukaziosha vizuri, tukazianika, tukatia mafuta. Karatasi ya jina hatukubandika, kwa kuwa, tulisema, nani asiyejua harufu ya karafuu? Katika daftari la kikundi imeandikwa hivi hadi leo: chupa 24.

Mwenzetu mmoja alipeleka chupa yake nyumbani, akaiweka juu ya kabati. (Ametupa ruhusa tuyaseme haya bila ya kumtaja jina.) Usiku umeme ulikatika. Mjukuu wake, mtoto wa miaka miwili, akawa anakohoa hapati usingizi. Bibi akapapasa juu ya kabati, akapata chupa ya dawa ya kikohozi, akamimina kijiko. Mwenyewe alikuwa na mafua siku ile, hakunusa kitu.

Mtoto alilia mara moja, akatapika kidogo, kisha akalegea. Majirani wakajaa. Mmoja alikimbilia maziwa, mwingine dafu, wa tatu alitaka kumtia kidole kooni atapike. Baadaye kidogo mtoto akashikwa na degedege. Alipofikishwa hospitali alikuwa hajitambui, na alilazwa siku nyingi. Alhamdulillahi alipona, leo yuko skuli na anakimbia kama wenziwe. Daktari alituambia kwamba ini lilikuwa limeguswa, na kwamba tungechelewa zaidi mambo yangekuwa mengine.

Mafuta hayakuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa chupa, na chupa tulitia sisi. Lakini mtaani ilisemwa kwamba bibi hana akili, bibi mzee haoni, nasi tuliyasikia maneno hayo tukanyamaza, kwa sababu tulichelea jina la kikundi na chupa zilizobaki. Tulilipa gharama za hospitali kutoka mfuko wa jamii, tukaona tumemaliza. Hatukumaliza. Somo yetu alibeba lawama ambayo ilikuwa ya watu ishirini na tano. Leo mbele ya sheha na mbele ya majirani tunasema kwamba kosa lilikuwa letu, na tunamwomba radhi.

Baada ya hapo ndipo tulipoanza kuuliza na kujifunza, kwa wauguzi na kwa wanaoyajua mafuta haya. Tuliyoyapata ndiyo tunayowapa.

Kwanza, jua ulilonalo. Chukua bilauri ya maji, dondosha tone, ulisukume kidogo kwa kijiti. Mafuta ya karafuu ya kiwandani ni mazito kuliko maji, huzama. Yale ya kuroweka, kwa kuwa ni nazi, huelea. Tena wakati wa kipupwe asubuhi ya baridi mafuta ya nazi huganda, ya kiwandani hayagandi. Lakini msitumie hesabu hii kwa mafuta mengine: ya mkaratusi na ya mchaichai huelea, na bado ni makali.

Na kwa kuwa tunazungumza majina, iko pia karafuu maiti. Hiyo si karafuu kabisa, ni kafuri. Mtoto akiila huweza kushikwa na degedege. Isikae mahali anapofikia, wala asipakwe mtoto mchanga.

Pili, mafuta makali hayapakwi peke yake. Huchanganywa na mafuta ya nazi, au ya ufuta kwa anayeyapenda. Kwa ya karafuu, tone moja katika kijiko kimoja cha mezani cha nazi linatosha. Kwa ya mchaichai, matone mawili. Ya mkaratusi, matatu. Mtasema ni kidogo mno, kwani hata harufu yake haisikiki. Inasikika! Aliyezoea kunusa mafuta makali ndiye asiyesikia. Kabla ya kujipaka mgongo mzima, paka kidogo ndani ya mkono chini ya kiwiko, ungoje hadi kesho. Pakiwasha au pakiwa pekundu, mafuta hayo si yako hata kama shoga yako yamemfaa.

Mjamzito na anayenyonyesha asiyatumie mafuta makali bila ya kumuuliza mkunga au daktari. Mtoto chini ya miaka miwili asipakwe kabisa, wala puani, wala kifuani, wala utosini. Tunajua bibi zetu walipaka, lakini wao walipaka yale ya nazi. Mafuta ya mkaratusi puani mwa mtoto mchanga yanaweza kumbana pumzi, na kijiko kimoja cha chai akikinywa mtoto kinaweza kumletea degedege kama tulilolishuhudia.

Kuna wenzetu wa mwani, nao wana lao. Ukijipaka maji ya ndimu au mafuta ya maganda yake kisha ukaingia baharini na jua la saa sita, ngozi itaungua, itoke malengelenge, na ibaki na mabaka meusi. Ndimu na jua havikai pamoja mwilini.

Jino likiuma, watu husema mafuta ya karafuu ni dawa. Ni kweli kwamba yanatuliza. Hata madaktari wa meno huchanganya yujenoli na unga wa zinki kuziba jino kwa muda. Lakini jino lililooza halitibiki kwa ganzi. Sisi tunashauri ung'ate karafuu yenyewe, punje moja, upande unaouma. Ukitumia mafuta ya kiwandani, tone moja lichanganye na nazi, chovya pamba, gusa jino tu, mate utema. Ukimwagia fizi mafuta matupu zitaungua, upate maradhi mawili badala ya moja. Mtoto anayeota meno asiguswe nayo. Na ukimaliza siku mbili bado unauma, nenda ukatazamwe.

Kujifukiza tutakutaja kwa kirefu kidogo, maana mwaka 2020 wakati wa korona ni nyumba gani hapa haikujifukiza? Sufuria la mkaratusi, mchaichai, tangawizi na ndimu, watu wakaingia chini ya blanketi pamoja na watoto. Mvuke hauui korona. Hupunguza kero ya pua iliyoziba, basi. Kinachotisha zaidi si majani, ni maji yenyewe: sufuria likipinduka chini ya blanketi huunguza mapaja na tumbo, na mtoto hana pa kukimbilia. Mtoto asifukizwe kabisa. Mtu mzima aliyeamua, aepue sufuria motoni, aliweke mahali lisipotikisika, angoje maji yaache kutokota, akae mbali nalo, afumbe macho, asizidishe dakika tano. Akitia mafuta badala ya majani, tone moja. Mwenye pumu aache, kwani harufu kali yenyewe inaweza kumwamsha maradhi.

Kuhusu udi na ubani hatuna ugomvi, ila chetezo kina makaa, na makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Ukifukiza nguo au kitanda, fungua dirisha. Chetezo kitolewe nje kabla ya watu kulala. Kuna wanaosema harufu hutoroka dirisha likifunguliwa. Itoroke.

Kuna pia suala la mbu. Mafuta ya mchaichai huwafukuza, lakini kwa muda mfupi, na jasho likitoka yamekwisha. Chandarua kibaki pale pale.

Kuhifadhi: mafuta makali yakae katika chupa ya kioo yenye rangi nyeusi au ya kahawia, mbali na jua na mbali na jiko, kwani yanashika moto. Chupa nyingine za plastiki huliwa na mafuta haya polepole. Kamwe isiwe chupa ya dawa, ya soda wala ya juisi. Ibandikwe jina, na ifungiwe kabatini, si juu ya kabati.

Na ikitokea mtoto ameyanywa: usimtapishe. Hili ni kama lile tunalolijua la mafuta ya taa, akitapika huenda yakaingia mapafuni. Usipoteze muda kwa maziwa wala dafu. Mchukue hospitali hapo hapo, hata akionekana mzima, na ichukue chupa yenyewe mkononi ili daktari ajue ni kitu gani. Yakiingia machoni, osha kwa maji safi mengi, robo saa bila ya kusimama, kisha nenda ukatazamwe.

Sisi tangu mwaka 2019 tunauza chupa za kioo peke yake, zenye kifuniko kigumu. Karatasi nyekundu ni ya kiwandani, ya kijani ni ya nazi. Faida imepungua, mhasibu amekwisha kuwaonyesha. Lakini katika zile chupa 24 za mwanzo tulirudishiwa 19. Tano hatujui ziko wapi. Huenda moja iko nyumbani kwako, au uliinunua sokoni kwa mwenzetu, au ulipewa zawadi ya harusi. Ni chupa ya dawa ya kikohozi, haina jina, ina mafuta ya rangi ya kahawia. Tunaomba iletwe. Tutakupa mpya ya kioo bure, wala hatutauliza ilikaa wapi.

Meza yetu iko pale chini ya mwembe, na leo tutakuwapo hadi alasiri. Mwenye chupa asiyoijua aje nayo, pana bilauri ya maji. Anayedondosha tone na kuwaonyesha ni bibi yetu mwenyewe, yeye ndiye aliyeomba kazi hiyo.