Rimoti Iliyokwenda Thika

Jirani yangu mmoja wa Ruiru, mtu wa busara nyingi na subira haba, aliketi garini mwake Jumamosi iliyopita, akauzungusha ufunguo hadi taa za dashibodi zikawaka, akabonyeza kitufe cha kufunga cha rimoti mpya, akazima, akarudia vivyo hivyo upesi upesi, na mara ya nne makomeo ya milango yakalia yenyewe, ishara ya kuwa gari, nalo ni Honda ya miaka ya 2000, limekubali kusajili. Akajihesabu kuwa ameokoa ujira wa fundi wa funguo.

Furaha hiyo haikupita magharibi. Mkewe alirudi kwa matatu kutoka Thika, ambako rimoti ya zamani ilikuwa imeshinda mkobani mwake, akaibonyeza langoni, na gari likanyamaza.

“Baba watoto, mbona halinisikii?”

Halikumsikia kwa sababu gari la aina ile, usajili ukianza, hufuta rimoti zote za awali, hata zile za halali. Ndiyo maana zote sharti ziwepo kwa pamoja. Hii nami naihesabu kuwa hifadhi, si kasoro: aghalabu magari yetu hutufikia kupitia Mombasa yakiwa yametumika Japani, au hununuliwa mkono wa pili hapa hapa, na hapana ajuaye rimoti ya mwenyewe wa kwanza imelala kabatini mwa nani.

Ajabu zaidi ni siri yenyewe. Kila ibonyezwapo, rimoti hutamka neno jipya, nalo gari hulitambua maadamu vyote viwili huhesabu kwa kanuni moja. Mwizi aliyelinasa neno la jana amenasa ganda. Ruhusa ya injini ni jambo jingine: hukaa katika chipu isiyohitaji betri, ndani ya kichwa cha ufunguo, na kwa hiyo mama yule angaliweza kufungua kwa chuma cha ufunguo na kuondoka zake. (Badilini betri kwanza, jamani, kabla ya kuilaumu elektroniki! Wala msiagize rimoti ya Ulaya itumiayo megahezi 433, ilhali gari la Kijapani husikiliza karibu na 315.)

Magari mengi mapya zaidi hayakubali tadbiri hii ya nyumbani. Hutaka kifaa cha fundi kichomekwe chini ya usukani.

Jumapili, rimoti zote mbili ziliwekwa juu ya dashibodi. Mke ndiye aliyebonyeza kwanza.