Maji na garanti: iandikwe kwenye fakitire

Wandugu, ba dada, umekusanya dola zako miezi na miezi, unanunua simu. Muuzaji anaapa: hii haiogope maji! Siku inaanguka mu beseni, inazimika. Fundi wa butike anafungua, anakuonesha kikaratasi cha ndani: kilikuwa cheupe, sasa chekundu. «Maji iliingia, garanti imekwisha.»

Hii haiko ya Goma tu. Mwaka 2020, mamlaka ya ushindani ya Italia ilipiga Apple amende ya euro milioni 10: matangazo ilisifu simu kwa maji, garanti ikakataa maji. (Na mchele hausaidie, tuache hiyo.)

Basi mbele ya kulipa, uliza: maji iko ndani ya garanti? Aandike kwenye fakitire, apige muhuri. Akikataa, beba dola zako, enda butike ingine.